Saumu ya Leila

Kisangani, Kabondo
10 Aprili 2025

Wifi yangu Khadija,

Idi imepita bila wewe na nyumba ilikuwa na pengo, nisikudanganye. Najua eda ni eda, hutoki, na huko Bafwasende antena imekufa tena, donc nimetafuta kalamu kama zamani. Barua atakuletea Osée, ule shofa wa Fuso anayeshonesha suruali zake kwa kaka yako. Mungu amrehemu Mohamadi wako, na wewe akupe subira.

Bon, habari njema. Leila wetu, mutoto wa miaka kumi na tatu, alifunga Ramadhani yote. Zile siku zake za mwezi amekwisha kuzilipa, sasa iko mu sita za Shawali. Mimi mama yake sikumwambia afunge. Anaamka peke yake kwa daku, anakunywa maji, basi. Wamama wa hapa wananiuliza nilimlea namna gani. Ninawajibu, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Kaka yako naye hakubaki nyuma. Kwa nguo ya Idi alimpima Leila pale dukani, mbele ya wateja, sawa anavyopima kila mutu: anataja namba kwa sauti, na Waziri, ule kijana anayejifunza ushonaji kwake, anaandika. Ilipofika kiunoni akasema, “Waziri, andika muzuri, hii ni kitambaa ya mabibi harusi wawili.” Duka nzima ilicheka. Leila mwenyewe alicheka kupita wote. Unajua Aboubakar anavyompenda. Kwake mutoto munene ndiyo enseigne ya baba, kibao cha kumtangaza.

Na tafadhali, usinirudilie tena yale ya kumpunguzia chakula uliyoanza mwaka jana. Wawili waliomtangulia tuliwazika, na walikuwa mifupa tu. Huyu nilipomwona anajaza nguo ndipo nilianza kulala usingizi.

Wifi yako,
Fatouma

*

Kisangani, 28 Aprili 2025

Shangazi Khadija,

Ni mimi Leila. Pole tena kwa ajili ya tonton Mohamadi. Mama anasema huko huruhusiwi kutoka, kwa hiyo nimefikiri labda una wakati wa kunijibu.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kutawadha na kuswali, tangu ungali Kisangani. Kumuuliza Maalim wa madrasa naona haya, wewe sikuonei. Nina maswali matatu.

La kwanza, mtu anaweza kufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima? Na akiongeza siku nyingine? La pili, mtu akitapika, saumu yake imevunjika? La tatu, akitapika usiku, kiisha futari, ile saumu ya mchana inabaki nzima? Na ya kesho?

Jibu yote matatu tafadhali. Usimwambie mama kwamba nimeuliza, atasema nimemdharau Maalim.

Shule ni sawa. Siendi tena na toleka. Wale vijana wa baiskeli wakiniona nakuja wanasukumana nani anibebe, donc naenda kwa miguu, ni vizuri kwa afya. Nguo ya Idi ni nzuri. Niliivaa mara moja.

Leila

*

Bafwasende, 7 Mei 2025

Mwanangu Leila,

Barua yako imenitoa machozi, na safari hii ya furaha. Tangu Mohamadi azikwe nimekaa ndani na ukimya wake, naona kama hakuna tena aliye na haja nami. Kumbe kuna binti anayeuliza dini yake, tena anamuuliza shangazi yake. Mungu akukuze.

Jumatatu na Alhamisi ni sunna, funga kwa raha. Ukitaka kuongeza, ongeza, ila usifunge Ijumaa peke yake. Kutapika kukikujia kwenyewe, saumu haijaguswa. Suuza kinywa uendelee. Mtu akijitapisha kwa kusudi, imevunjika na atailipa. Ama usiku, hakuna saumu ya kuharibika. Saumu huisha jua likizama na nyingine huanza alfajiri, kwa hiyo yaliyotoka usiku hayana hesabu.

Umeniuliza vizuri, kwa mpango, kama mwanafunzi wa kweli. Uliza tena wakati wowote.

Shangazi yako,
Khadija

*

Kisangani, 24 Mei 2025

Wifi,

Sijui ulimwandikia nini Leila, lakini endelea. Sasa anafunga karibu kila siku. Maalim alimsimamisha mbele ya wasichana wote wa madrasa akawaambia waige huyu. Kaka yako ilibaki kidogo tu alie.

Amepungua kidogo, wateja wengine wanasema. Mimi sijaona, bado ni Leila wangu. Lakini ili saumu isimwangushe ninahakikisha futari ni ya kweli: lituma ya ndizi, nyama ya kunona, mikate ya mafuta. Ninakaa mbele yake mpaka sahani ibaki nyeupe. Anakula yote bila neno, anaosha mikono, anaondoka.

Kitu kimoja tu. Amekuwa mukali. Wadogo wa jirani wakiingia anajifungia chumbani. Kaswida aliyokuwa anapenda kuimba na wenzake ameacha, anasema sauti imeisha. Kule shule wameniita mara mbili eti analala darasani. Nikawaambia ibada inachosha, nyinyi wa shule hamjui. Na nikimsuka, nywele zinabaki kwenye kitana, nyingi. Nimebadilisha mafuta. Usiku wa juzi nilimsikia anatapika kule choo, asubuhi nikamnunulia dawa ya minyoo. Ni mambo ya mvua hii.

Wewe umekaaje? Unakula? Wajane hawakulaka. Kula, wifi.

Fatouma

*

Kisangani, 2 Juni 2025

Shangazi,

Asante kwa jibu. Nililisoma mara nyingi. Ulinitua mzigo, kwa sababu nilikuwa naogopa Mungu hapokei.

Nakuambia wewe peke yako. Mama anakaa mbele yangu mpaka nimalize lituma. Ninamaliza ili anyamaze. Halafu ninakwenda kuitoa. Ulisema usiku hakuna saumu ya kuharibika, basi sina dhambi, na asubuhi nafunga tena.

Unajua kwa nini naipenda saumu? Mwezi ule wa Ramadhani hakuna aliyeniuliza nimekula nini, wala aliyenicheka nikila. Nilipotembea na tumbo tupu watu waliniambia Mungu akubariki. Zamani nilikuwa naitwa Tonne, tani nzima. Shuleni ni Tonne tangu darasa la tatu, hata mwalimu mmoja alikosea siku moja akaniita hivyo, akacheka, tukacheka wote. Dukani kwa papa nilicheka pia. Usiku ule wa kuamkia Idi niliomba nilale nisiamke. Niliamka, nikavaa ile nguo.

Sasa naomba hivyo siku moja moja tu, si kila siku. Kwa hiyo ninapona.

Usimwambie mtu. Ukimwambia mama nitajua kwamba hata wewe ni kama wao.

Leila

*

Bafwasende, 10 Juni 2025

Leila, roho yangu,

Nimekosea. Kile nilichokujibu kilikuwa cha vitabu, na wewe hukuniuliza vya vitabu. Saumu inayokuumiza si ibada, ni haramu, na mimi niliyekufundisha kufunga ndiye ninakuambia kesho ule asubuhi, hata kikombe cha uji. Mungu hakukuumba ili uombe usiamke.

Ninamwandikia mama yako pia. Sitamwambia siri yako. Nitamwomba tu akuangalie kwa jicho jingine. Ila nijibu haraka, na kama moyo unapiga vibaya au kichwa kinazunguka, mshike mtu yeyote umwambie.

Khadija

*

Bafwasende, 10 Juni 2025

Wifi Fatouma,

Ndani ya bahasha kuna kibarua cha Leila, mpe bila kukifungua, nakusihi.

Nina swali, lisikukasirishe. Unasema binti anafunga kila siku. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo ana siku zake ambazo hafungi. Tangu Idi, umeona ameacha kufunga lini? Mwangalie vizuri. Mwangalie na hizo nywele, na huko kutapika usiku. Usimpe tena dawa ya minyoo. Mimi niko mbali na wewe uko naye chumba kwa chumba. Macho ni yako.

Kula ninakula. Usinihofie.

Khadija

*

Kisangani, Jumatano 18 Juni 2025

Khadija,

Umenifungua macho na ningetamani ungeniachia yamefungwa.

Nilihesabu. Tangu alipolipa deni la Ramadhani hajaacha kufunga kwa ajili ya siku zake hata mara moja. Hedhi imekatika. Anatapika usiku. Sasa hivi najua ulikuwa unaniambia nini na ulishindwa kulitaja. Mutoto wangu iko na mimba. Na mimi nilikuwa natembea Kabondo kifua mbele nikisifu saumu yake.

Nilimwambia baba yake. Duka imefungwa tangu Jumamosi. Alimuuliza ni nani, Leila akanyamaza. Aliuliza tena na mukanda mukononi, hakumpiga, alishindwa, akautupa. Aboubakar amemfukuza Waziri, kwa sababu nani mwingine alikuwa karibu? Ule kijana alilia mbele ya watu akaapa kwa msahafu. Leila alipomsikia anaapa alisema, “Si yeye.” Neno moja ndilo alilosema siku tano zote. Tukamuuliza kama si yeye basi ni nani, akaingia chumbani akafunga mulango.

Usiniambie dispensaire. Nimpeleke pale Kabondo nzima iandike jina lake? Kibarua chako kwake nilikichoma. Sikukisoma, nilikuwa na hasira, niliona mumekuwa na siri zenu na mimi muzazi niko nje ya mulango.

Tumekata shauri. Osée anapakia Jumatatu tarehe 23. Leila atapanda kule mbele kwa shofa, atakuja kwako mpaka azae. Bafwasende hakuna anayemjua. Barabara ni mbaya, mvua imekata daraja mbili, inaweza kuchukua juma nzima kulala njiani, lakini ni munene, iko na akiba, atavumilia. Hii barua ninaituma na Dady wa pikipiki, hana muzigo, atafika mbele ya Fuso. Tayarisha kitanda.

Fatouma

*

Bafwasende, Ijumaa 20 Juni 2025

Kaka Aboubakar, wifi Fatouma,

Someni pamoja, na msome hapo hapo barua itakapowakuta.

Leila hana mimba. Leila ana njaa.

Tangu Ramadhani anajinyima mchana, na usiku, mama yake akiisha kumwangalia amalize sahani, anakwenda kukitapika chakula chote. Ndiyo maana hedhi imekatika. Ndiyo maana ya nywele, na ya kulala darasani. Aliniandikia mwenyewe na akaniomba nisiseme. Leo ninasema. Anaweza kunichukia maisha yake yote, mradi awe hai wa kunichukia.

Fatouma, najua unachotaka kujibu: mnene hivi, njaa gani? Hata mimi nilijiambia hivyo kwa muda, ndiyo sababu nilikuandikia kwa mafumbo badala ya kukuambia, na mafumbo yangu yamempeleka kijana wa watu kuapa hadharani. Uliwazika wawili wembamba ukadhani kifo kinawajua wembamba tu. Mwili unaweza kuwa mkubwa na ndani hamna kitu. Na roho yake inaumwa kuliko mwili. Shuleni wanamwita Tonne tangu akiwa mdogo. Usiku wa kuamkia Idi, baada ya vicheko vya dukani, aliomba kwa Mungu asiamke. Kaka, sisemi ulimdharau. Nasema alisikia.

Nami sijisafishi. Mtoto aliniuliza swali la mgonjwa, nikamjibu kama kadhi. Nilifurahi mno kuulizwa.

Msimpandishe kwenye Fuso. Juma zima la njia ile litamuua. Mpelekeni hospitali siku mtakayosoma hii, na mmwambie daktari bila kupunguza: anafunga kila siku na anajitapisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msimlazimishe kula kwa nguvu, msimkaripie. Na Waziri mwombeni radhi.

Ningekuja hata kwa kuvunja eda, nikamjibu Mungu mwenyewe. Lakini Dady peke yake atakwenda haraka, na nikipanda nyuma yake nitamchelewesha.

Dada yenu,
Khadija

*

Kisangani, hospitalini
25 Juni 2025

Dada Khadija,

Mimi si mutu wa kuandika, unajua. Fatouma hawezi kushika kalamu.

Dady alitukuta kwenye parkingi. Leila alikuwa amekwisha kukaa ndani ya Fuso, Osée amewasha moteri. Nilisoma ile barua yako nimesimama kwenye mlango wa gari, na kwa sababu ulisema tusome pamoja nilisoma kwa sauti, Fatouma asikie. Nilipofika mahali pa kutapika, Leila alifunga uso na kitambaa chake. Nilimteremsha mimi mwenyewe. Alikuwa bado mzito mikononi, Khadija, nikafikiri dada yangu amekosea. Tulipofika hapa akaanguka mlangoni.

Daktari anasema chumvi za damu zilikuwa zimeisha na moyo ulikuwa unaruka. Walimpima mimba pia. Hakuna. Kuna muuguzi anaitwa Claudine, wa Isangi, alimuuliza maswali ya upole mpaka nikaona haya. Alituambia huu ugonjwa madaktari wengi hawauoni kwa watoto wanene, kwa sababu kila kilo wanayopoteza watu wanawapigia makofi. Sasa Leila iko na maji ya sérum mkononi, na leo ametuuliza saa.

Nilikwenda kwa kina Waziri. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alinipa mkono, lakini dukani hajasema atarudi.

Jana nilibaki na Leila peke yetu. Nilimwambia, “Mwanangu, siku ile dukani nilikuwa ninajivuna na wewe.” Akaniambia, “Najua, papa. Ndiyo maana nilicheka.”

Tangu jana sijui niweke wapi maneno hayo. Tuombee.

Aboubakar

*

Kisangani, 10 Julai 2025

Shangazi,

Sijakusamehe. Ninaandika hilo kwanza ili usilitafute huko chini.

Papa alisoma barua yako pale parkingi na wapakiaji wote wamesimama. Osée alizima moteri ili asikie vizuri. Miezi yote nilikuwa ninafanya kazi ili mtu asijue, na wewe ukanivua nguo barabarani kwa sauti ya papa yangu. Mpaka sasa nikimwona mtu yeyote wa parkingi ninavuka upande mwingine.

Walipofikiri nina mimba nilinyamaza. Unataka kujua kwa nini? Mimba waliielewa. Kama ningesema hii nyingine, mama angeleta lituma na kukaa mpaka asubuhi. Nilimwonea Waziri huruma, lakini neno nililokuwa nalo ni lile moja tu.

Usiku ule mbele ya kupanda Fuso nilisikia moyo wangu unaruka, unasimama, unaruka. Nilijua sitafika kwako. Na mimi niliyekuwa naomba nisiamke, niliogopa, shangazi. Nilitaka kuamka. Nilitaka mtu aingie. Sikujua niite nani kwa sababu ni wewe tu uliyekuwa unajua, na sikupata jibu lako. Mama ameniambia juzi kwamba alilichoma. Alilia sana kuniambia. Yeye nimemsamehe haraka, sijui kwa nini yeye ni rahisi na wewe ni vigumu. Claudine anasema mtu hukasirikia zaidi yule aliyemwamini. Ninakwenda kwake kila Jumatano, tunazungumza. Amesema bado nitakuwa mnene labda, na kwamba si hicho anachotibu. Sijui kama ninapenda kusikia hivyo.

Maalim alikuja. Aliniambia mimi sina saumu mwaka huu wala mwakani mpaka daktari aseme, na kwamba nikila mchana nina thawabu. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nyumbani hakuna anayenicheka tena. Ni vibaya kupita kucheka. Nikipeleka mkono kwenye sahani, mazungumzo yanasimama. Papa anaangalia ukuta, lakini anasikiliza ninavyotafuna. Mama anatia kidogo, anaona ni kidogo mno, anaongeza, anaogopa, anatoa. Nikiondoka kwenda choo, mtu anakohoa nje. Wananipenda mpaka chakula hakishuki. Jana nilikula nusu nikakaa nayo. Nilishika kiti, ikabaki.

Eda yako inaisha juma lijalo, mama amesema. Njoo. Usije kuniomba msamaha, na nasaha uache huko huko. Nataka mtu mmoja akae kando yangu na njaa yake mwenyewe, ale chakula chake, asiniangalie. Nikimaliza nitakuambia. Nisipomaliza, nitakuambia pia.

Leila